Kuwapeleka watoto Marangu kuona maisha ya kale ya Wachaga

Mama wa Njiro: Habari zenu wapendwa. Watoto wangu wamelizoea Boma la Wajerumani la hapa Arusha, lililojengwa mwaka 1900, na sasa wanataka mahali ambapo watayaona maisha ya kale kwa vitendo. Je, Marangu inafaa kwa safari ya siku moja?

Mzee wa Kihamba: Inafaa, mwanangu, ila ondokeni alfajiri, kwa kuwa ni zaidi ya kilomita 100, nanyi mtapinda kushoto pale Himo. Waonyesheni nyumba ya msonge, ambamo watu na mifugo walilala chini ya paa moja, kisha mwombeni mwenyeji awaeleze jinsi mifongo, yaani mifereji ya asili, inavyoteremsha maji ya mlimani hadi migombani. Mbege, pombe inayopikwa kwa ndizi na ulezi, nionjeeni ninyi wakubwa.

Baba Pacha: Mimi nilivutiwa zaidi na mapango, yaliyochimbwa kwa zana za mkono ili familia zijifiche wakati wa vita na Wamasai. Njia zake ni nyembamba na zina giza; binti yangu alikataa katakata kuingia. Chukueni tochi.

Mama wa Njiro: Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Tutakwenda Jumamosi.