Mjadala: Lamu msimu wa kusi, hasara abebe nani?

BintiMkomani (South C)
Nauliza hapa kwa sababu nimechoka kubishana na kaka yangu kwenye simu. Tuna nyumba ya wageni Lamu, mtaa wa Mkomani, vyumba vinne. Mvua ikishika Aprili mpaka kusi, ule upepo wa kutoka kusini, lipambe moto Juni, vyumba vinakaa vitupu. Hoteli nyingi za Shela, kijiji cha ufuoni hapo jirani, hufunga kabisa miezi hiyo, wafanyakazi wanaambiwa tutaonana Julai, mshahara hakuna. Sisi wadogo hatuwezi kufunga. Leseni ya kaunti tumeshalipia mwaka mzima, chokaa ya ukuta wa mawe inabambuka kwa unyevu, na benki inakata mkopo kila mwezi tarehe ile ile, haiulizi kama mgeni alikuja. Kaka anasema tushushe bei nusu kwa watu wa Nairobi. Mimi nasema tukishusha Mei, Agosti hakuna atakayekubali bei kamili. Serikali ina la kufanya hapa, au tujipange wenyewe?

Karani wa Upper Hill
Mjipange wenyewe, dadangu, na nasema kwa upendo. Treni ya SGR ya Nairobi kwenda Mombasa ipo tangu 2017. Mtu anapanda Syokimau asubuhi, usiku anakula samaki Diani. Kuja kwenu ni ndege ndogo mpaka kisiwa cha Manda, ushuke uingie boti, ufike gatini utafute wa kukubebea begi. Nauli peke yake ni likizo nzima ya mtu mwingine. Na ukishafika, saa saba mchana maduka yamefungwa, mmelala. Kiangazi mnalala, masika mnalala, halafu mnataka serikali iwaamshe.

MamaPili Eastleigh
"Mmelala." Haya. Tumeanza.

Kijana wa Umoja
Karani ametaja nauli, nauli ndiyo hoja. Mengine ni utani wake, msimchukulie hivyo.

MamaPili Eastleigh
Utani wa nani? Nimezaliwa Langoni, Lamu hapo hapo, nimekuja Nairobi nikiwa na watoto wawili, na kila ofisi niliyoingia nimeambiwa watu wa pwani wavivu. Saa saba watu wanatoka kuswali adhuhuri, wanakula, jua liko utosini. Alasiri duka linafunguliwa na halifungwi mpaka usiku. Wewe saa kumi na moja ushashika begi unakimbilia matatu. Tuhesabu masaa, nani mvivu?

Nahodha Mstaafu
Kijana wa Upper Hill, nimekusoma. Nimeendesha mashua za wageni miaka mingi, sasa niko Pangani, ile ya Nairobi, kwa mwanangu. Acha nikueleze tunavyolala.

Kusi likishika, nje ya Shela hakuendeki. Basi chombo kinaletwa ufuoni maji yakijaa, yakitoka kinabaki kimelalia ubavu, kinawekewa magogo. Unakwangua uchafu wa bahari ulioganda. Unaichokoa ile pamba iliyooza kati ya mbao, unasokota mpya umeitia mafuta, unaishindilia kwa patasi na nyundo, mshono mmoja baada ya mwingine, upande mzima, halafu unakigeuza uanze wa pili. Ndiko kukalafati huko. Chini unapaka deheni, juu unapaka sifa, mafuta ya papa hayo, ukiyanusa wewe chakula cha mchana utakisamehe. Na yote hayo unayafanya maji yakiwa nje. Yakitoka saa kumi usiku, uko pale saa kumi usiku na taa. Saa saba mchana nikijinyoosha barazani, usinihesabie.

Dereva Ngong Road
Mzee heshima yako. Lakini muuza duka hakalafati kitu. Mimi nilienda Desemba, saa nane mchana natafuta maji ya kunywa, nikazunguka vichochoro vyote nikakuta paka tu. Paka hata hawakuamka.

MamaPili Eastleigh
Ungebisha hodi. Lamu mtu hakatai mtu maji.

Dereva Ngong Road
Mama, nibishe hodi kwa mtu nisiyemjua nikamwambie nina kiu? Nairobi ukifanya hivyo unaitiwa polisi.

Usalama Kwanza
Mnabishania usingizi na mmesahau kilichoangusha Lamu. Mgeni alitekwa Kiwayu Septemba 2011, Oktoba watekaji wakaingia Manda, ng'ambo tu ya mji. Halafu shambulio la Mpeketoni Juni 2014, na kafyu juu yake. Balozi zikaonya watu wao. Tangu hapo msimu wa chini ukawa mwaka mzima. Na mji wenyewe ni urithi wa dunia tangu 1999!

Kijana wa Umoja
2001. Mwaka 2000 ulikuwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, na Fort Jesus ni 2011.

Usalama Kwanza
1999, 2001, hoja yangu ni ile ile.

Nahodha Mstaafu
Na Mpeketoni iko bara. Si kisiwani. Kila mara damu ikimwagika popote katika kaunti, mnasema Lamu, na anayevunjiwa safari ni mwenye chumba Mkomani. Sikatai hofu ilikuwepo, kafyu iliwaumiza wavuvi wa usiku kuliko hata wenye hoteli. Lakini jifunzeni ramani.

Karani wa Upper Hill
Narudi kwenye maduka, maana naona nimeitwa mkabila bila kutajwa kabila. Sikusema pwani yote. Diani duka liko wazi saa saba. Mombasa nayo ni kisiwa, na Marikiti saa saba hupati pa kukanyaga. Mgeni ana siku tatu tu. Ukimfungia masaa matatu kila siku umemnyang'anya siku ya kutumia pesa. Hiyo ni hesabu, si matusi.

MamaPili Eastleigh
Pesa gani, baba? Wanairobi mkija Lamu mko sita, chumba kimoja, mmebeba mkate, soseji, tambi za pakiti, maji katoni mbili na jiko la gesi. Mnakaa siku tatu. Mnachoacha mjini ni taka. Halafu mnapita mbele ya msikiti na kaptula za kulalia.

Karani wa Upper Hill
Mimi sijawahi kubeba jiko popote maishani mwangu. Utaje unayemjua.

Dereva Ngong Road
Jiko tulibeba sisi, na nitabeba tena. Mnajua kwa nini? Siku ya kwanza tulikaa hoteli ya ufuoni, tukaambiwa kuna bei ya wageni na bei ya wakaazi. Ile ya wakaazi ndiyo ilinitoa machozi. Kaptula sikuvaa, hilo siingii.

Kijana wa Umoja
Mbona hakuna aliyemjibu mwenye mada?

Mama Njoki Kasarani
Nimjibu mimi. Dada, usishushe bei, ongeza kitu. Mei mimi siji kuogelea, bahari imechafuka na mvua inanyesha. Nije kufanya nini? Nipe sababu. Nifundishwe kupika wali wa samaki vile mnavyopika ninyi, niwekwe kwa fundi wa kuchonga milango nikae naye asubuhi moja. Watoto wangu wanafunga shule Aprili, na kila Aprili nawapeleka kwa nyanya yao Nyahururu kwa sababu hakuna mtu amenialika kwingine.

Dereva Ngong Road
Wali wa samaki unataka kufundishwa au kulishwa?

Mama Njoki Kasarani
Wewe beba jiko lako ukae kando.

Usalama Kwanza
Aprili atafikaje na watoto? Ndege hawezi kulipia watu watano. Kwa basi ni Mombasa, Malindi, Garsen, Witu mpaka Mokowe, gati la bara. Mwisho wa 2023 mafuriko yalikata barabara pale Lango la Simba, magari yakakwama. Lami mmewekewa, mto nao ukaja juu yake.

BintiMkomani (South C)
Asante Mama Njoki, hilo nitamwambia kaka. Ila mtu asinishushie Wanairobi hapa, hata wewe Mama Pili, nakuheshimu kama mamangu. Mwaka 2020 corona ilipoingia, ndege zilisimama. Za ndani zilirudi katikati ya Julai, za nje Agosti mosi. Katika hizo wiki mbili nani alilala kwangu? Watu wa Nairobi, na barakoa zao. Mwaka uliofuata, Machi 26, Nairobi na kaunti nne zikafungiwa ndani, Pasaka ikafa, Ramadhani ikaingia Aprili hiyo hiyo, mvua nayo. Vyumba vinne, roho ya mtu hakuna. Ndipo nilipojua tunaishi kwa mkono wa nani. Mzungu anakuja Desemba na Januari, kaskazi limetulia. Akiondoka, ni ninyi.

Sasa swali la benki. Hamjaligusa. Pesa yangu inaingia miezi minne au mitano, deni linakatwa kumi na miwili.

MamaPili Eastleigh
Mwanangu, sikuwatukana wote. Nimemjibu aliyesema tunalala.

Mwana wa Othaya
Binti, kwetu tuna kahawa. Mkulima halipwi kila mwezi, analipwa chama kikishauza. Ushirika unampa mbolea na dawa kwa mkopo, akilipwa mazao wanakata. Hakuna anayemfuata wakati mti una maua. Benki inajua kahawa ina msimu. Kwa nini isijue hoteli ina msimu? Ukiandikiwa mkataba ulipe nyingi Januari, Februari na Agosti, na Mei ulipe riba tu, benki haipotezi kitu. Na kaunti vile vile, leseni ingelipwa kwa vipande. Serikali haihitaji kutoa hata ndururu, inahitaji kubadilisha tarehe.

Karani wa Upper Hill
Mkulima wa kahawa ndiye mfano? Mkulima wa kahawa analipwa mwaka ukiisha, tena akatwe mpaka abaki na karatasi. Wengine waling'oa miche wakapanda nyumba za kupangisha. Tafuta mfano mwingine.

Mwana wa Othaya
Nani aling'oa? Sema Kiambu, usiseme Nyeri.

Karani wa Upper Hill
Nyeri pia waling'oa.

Mwana wa Othaya
Taja kijiji.

Kijana wa Umoja
Ilianza vizuri hii.

Mama Njoki Kasarani
Hilo la Kiambu mimi simo. Lakini Othaya ana hoja. Dadangu anauza nguo za shule, pesa yake ni Januari, na kila Oktoba anakimbia simu za wanaomdai.

Nahodha Mstaafu
Zamani hapakuwa na benki ya kukukata. Nahodha alikopa kwa mwenye duka mwanzo wa kusi, unga, sukari, mafuta ya taa, anaandikwa kwenye daftari. Upepo ukigeuka, vyombo vikaanza kwenda, analipa. Mwenye duka alikuwa akijua kusi ni kusi. Leo mjukuu wangu ana mkopo wa simu, anaamka asubuhi kumbe simu imeshakula pesa aliyotumiwa usiku.

Dereva Ngong Road
Mwenye duka huyo alikuwa anafungua saa ngapi?

Nahodha Mstaafu
Alasiri. Na wewe angekuandika.

Usalama Kwanza
Zanzibar je? Wao wana watalii kila siku.

Kijana wa Umoja
Nao Aprili na Mei hoteli kadhaa za Nungwi na Paje hufunga. Masika haichagui kisiwa. Tofauti yao ni kwamba Julai ndege kubwa za moja kwa moja kutoka Ulaya zinatua Unguja, Manda uwanja ni wa ndege ndogo.

Karani wa Upper Hill
Ndipo nilipoanzia. Nauli.

BintiMkomani (South C)
Othaya, ule mkataba wa ushirika una nakala? Hata kama ni wa kahawa. Kaka anakutana na meneja wa benki Alhamisi, anataka kitu cha kuweka mezani.

Mwana wa Othaya
Nitauliza kwa baba. Karani bado hajataja kijiji.

Dereva Ngong Road
Na Mei chumba ni bei gani? Tuko sita.

BintiMkomani (South C)
Sita ni vyumba viwili, si kimoja, na jiko liacheni. Bei nakuandikia pembeni. Kaka asijue nimeshusha.