Naomba ushauri: nilibatizwa mtoto, sasa naambiwa nibatizwe tena

Shalom wapendwa. Nilibatizwa nikiwa mchanga, nikapata kipaimara, kisha nikaokoka ukubwani katika kanisa jingine. Ninaposali sasa wanasema ule haukuwa ubatizo, nilinyunyiziwa maji tu, na bila kuzamishwa siruhusiwi kushiriki Meza ya Bwana. Sahani ya mkate ikinifikia naipitisha kwa jirani. Kusema kweli inaniuma.

Mchungaji alinipa Matendo 19, pale Paulo alipokutana na wanafunzi Efeso wakabatizwa upya. Lakini wale walikuwa na ubatizo wa Yohana Mbatizaji, ule wa toba, walikuwa bado hawajabatizwa kwa jina la Yesu. Mimi nilibatizwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Tena Waefeso 4:5 inataja ubatizo mmoja. Mama naye ameshasema nikizamishwa nitakuwa nimeikana imani aliyonilea nayo (hapo sikumjibu, mama ni mama). Nimefunga na kuomba, bado sina amani upande wowote.

Je, nikikubali kuzamishwa nitakuwa nauhesabu ule wa kwanza kuwa bure? Na kwa aliyepitia hili, ulimwelezaje mzazi wako akakuelewa? Wenye mistari karibuni, ila tafadhali tusirushiane maneno ya madhehebu.