Naomba ushauri: Midtown Madness kwenye kompyuta mpya

Ndugu zangu, naombeni msaada. Nimeikuta sidii ya Midtown Madness, ule mchezo wa magari wa mwaka 1999, kwenye kabati la marehemu mjomba huku Majengo. Mji wa mle ni Chicago, lakini sisi tuliugeuza Mombasa. Mashindano hatukuyajali kabisa. Tulichukua lile basi zito tukaenda kinyume cha njia, kakangu akigonga mlango wa chumba kwa kiganja na kuita, "Kongowea, Bamburi, Mtwapa!" Daraja likiinuka, tunalirukia. (Watu wa barabarani huruka pembeni, hawagongwi, ndiyo maana mjomba alituruhusu.)

Kakangu anarudi Ijumaa kutoka Doha baada ya miaka 6, nami nataka aukute umewashwa. Kompyuta yangu ni ya Windows 11, haina pa kuingizia sidii. Nimeazima kisomeo cha USB. Sidii inasomeka, ila nikiufungua mchezo skrini inakuwa nyeusi, kimya. Je, nitafute kompyuta kuukuu ya Windows 98, au kuna njia kwenye hii hii? Na ni fundi gani hapa mjini anaweza kuinakili? Ina mikwaruzo, naogopa itanifia mkononi.