CPR ilikosea kuiacha Yellowhead? Mjadala wa reli za mwanzo za magharibi ya Canada

Mpima Njia
Wakuu, naleta hoja, naomba tuijadili kwa hesabu. Mhandisi Sandford Fleming alipima milima miaka ya 1870, akashauri reli ya kuvuka Canada ipite mwanya wa Yellowhead, magharibi ya Edmonton. Pale ni mita 1,131 tu juu ya usawa wa bahari. CPR, kampuni ya reli ya Canadian Pacific, ilipopata mkataba mwaka 1881, dola milioni 25 na ekari milioni 25 za ardhi, ikaivuta njia kusini hadi Kicking Horse, mita 1,627, ikashuka bondeni, halafu ikapanda tena Rogers Pass. Lengo lilikuwa kuwawahi Wamarekani wasivuke mpaka na kuchukua mizigo ya kusini.

Tazameni malipo yake. Mteremko wa Big Hill, pale Kicking Horse, wa asilimia 4.5, kuanzia 1884 hadi 1909. Treni ya kwanza kabisa ya ujenzi kushuka pale ilikimbia ikaua watu watatu. Rogers Pass nayo, usiku wa tarehe 4 Machi 1910, maporomoko ya theluji yalifunika wafanyakazi 58 waliokuwa wakisafisha njia. Mwaka 1916 ikabidi watoboe handaki la Connaught, kilomita 8, wapite chini ya mlima.

Na Edmonton ikaachwa. Haikuona reli hadi 1891, tena reli ya tawi kutoka Calgary iliyogoma ng'ambo ya mto. Vireli vingine vya mikoani sivihesabu. Kile cha Galt kule Lethbridge, chenye upana wa futi 3 kati ya pau, kilikuwa kichezeo. Sasa niambieni, CPR ilikosea au haikukosea?

Fundi Mataruma
Mkuu, mengine yote umeeleza vizuri. Nimekwama kwenye "kichezeo".

Alexander Galt na mwanawe Elliott walikuwa na makaa ya mawe Lethbridge. Kwanza waliyasafirisha kwa meli ndogo na matishari kufuata mto hadi Medicine Hat. Mto ule una maji ya kutosha kwa wiki chache tu za mwaka, baada ya hapo chombo kinakaa juu ya mchanga. Ndipo mwaka 1885 wakatandika reli ya maili 109, Lethbridge hadi Dunmore kwenye reli kuu ya CPR, ndani ya msimu mmoja. Walichagua futi 3 kwa sababu mataruma yanakuwa mafupi, tuta jembamba, pau nyepesi, na kona inaweza kukunjwa kufuata ardhi badala ya kuchimba. Watu waliiita Njia ya Bata Mzinga kwa jinsi ilivyozunguka. Lakini injini za CPR kwenye mbuga isiyo na mti hata mmoja zilikula makaa hayohayo. Hiyo reli kuu unayoijadili ililishwa na hicho unachokiita kichezeo.

Mpima Njia
Neno nililitumia nikijua maana yake, na nalirudia. Nenda Dunmore ukaangalie kilichotokea. Behewa la futi 3 linafika limejaa, mbele yake limesimama behewa la CPR la futi 4 na inchi 8.5. Haliwezi kuendelea hata hatua moja. Kila tani inahamishwa. Makaa yale ni laini, ukiyaangusha mara moja zaidi yanavunjika, na vumbi la makaa mnunuzi halilipii bei ya mabonge. Reli ya kuleta makaa inayoyasaga njiani si reli ya kujivunia. Ndiyo maana mwaka 1893 kipande hicho kilipanuliwa kuwa geji (upana kati ya pau) ya kawaida kama ya CPR, na CPR ikakikodi. Miaka 8 tu.

Kijana wa Kidatu
Hapa mnachanganya mambo mawili. Wembamba wa reli haukuvunja makaa hata bonge moja. Kilichovunja ni kukutana kwa geji mbili. Reli ya Galt ingekuwa futi 3 kutoka mgodini hadi kwa mnunuzi, msingesikia kitu. Na mwaka 1890 walifanya hivyohivyo upande wa kusini: Lethbridge, Coutts, hadi Great Falls kule Montana, futi 3 moja kwa moja bila kuhamisha mzigo.

Sisi tunalijua hili kuliko mtu yeyote. Kidatu, TAZARA ina milimita 1,067 na Reli ya Kati ya zamani ina 1,000. Zote mbili zinabeba mzigo vizuri tu. Shida iko pale zinapokutana.

Mama Stesheni
Kidatu si wangeweka pau ya tatu tu, behewa lolote lipite? Kila siku watu wanalaumu wahandisi.

Fundi Mataruma
Haiwezekani, mama, na hili linawakera mafundi kila linapotajwa. Tofauti ya 1,067 na 1,000 ni milimita 67. Kitako cha pau ya reli peke yake kina upana unaozidi milimita 100. Pau mbili haziingii kwenye nafasi hiyo, achilia mbali vifungo, na gurudumu nalo linahitaji pengo la ukingo wake. Utabaki na pau nne, na kwenye kila njia panda ya reli utapata kitendawili.

Kwa Galt hesabu inakubali. Futi 3 ni milimita 914, ya kawaida ni 1,435, tofauti 521. Nafasi ipo tele. Lakini hata hapo kuna mambo matatu ya kuangalia. La kwanza ni mataruma: yale ya futi 3 ni mafupi, pau ya nje itakaa hewani, kwa hiyo unaanza kwa kuchomeka mataruma marefu katikati ya mafupi, ushindilie kokoto kwanza, ndipo ulete pau. La pili ni ndoano za kuunganisha. Behewa jembamba halikai katikati ya njia pana, linalalia upande mmoja kwa milimita 260, na kimo chake ni kingine. Ukiyaunganisha moja kwa moja unavuta kwa mshazari, behewa tupu linaruka nje kwenye kona. Lazima uweke kipande cha kati. La tatu ni uzito. Pau nyepesi iliyotosha injini ndogo itapinda chini ya injini kubwa, kwa hiyo mwisho wa yote unabadilisha pau zote na kupanua tuta.

Kijana wa Kidatu
Asante, Fundi. Hiyo ya milimita 67 ingebandikwa ukutani kila ofisi.

Msoma Ramani
Naomba turudi Yellowhead kabla uzi haujahamia Kidatu moja kwa moja.

Mpima Njia, hesabu yako ina pengo. Kwenye mwinuko wa asilimia 4.5 kila tani inakurudisha nyuma kwa nguvu ya kilo 45 hivi. Ongeza kilo 3 za msuguano wa magurudumu, 48. Kwenye asilimia 2.2 ni kama 25. Kwenye asilimia 0.5 ni 8. Injini ileile inavuta mzigo mara 6 kwenye 0.5 ikilinganishwa na Big Hill. Hadi hapo tuko pamoja. Lakini Yellowhead ilikuja kupata reli, tena mbili. Grand Trunk Pacific ilikamilika tarehe 7 Aprili 1914 karibu na Fort Fraser kuelekea Prince Rupert, kwa mwinuko wa karibu asilimia 0.5 sehemu kubwa ya milima. Canadian Northern ikapigilia msumari wa mwisho pale Basque, Januari 1915. Zilikwenda sambamba magharibi ya Edmonton, mahali pengine unaiona nyingine kwa macho. Mwaka 1917 serikali iling'oa pau za kipande kirefu cha marudio hayo, zikapelekwa Ufaransa kutumika vitani. Kampuni zote mbili zikafilisika, zikaangukia mikononi mwa serikali, ikawa CNR, reli ya taifa. Mlima mpole bila mzigo haumlipi mtu. CPR ilikuwa na mteremko wa kutisha, na ikabaki hai.

Bonde la Saskatchewan
"Reli ya tawi iliyogoma ng'ambo ya mto." Hii imenichoma zaidi ya hayo yote. Haikugoma. Calgary & Edmonton ilifika ukingo wa kusini mwaka 1891, ikatazama bonde la North Saskatchewan, kina chake na upana wake, na daraja la kuvuka juu kwa juu lilikuwa ghali kuliko faida ya mji mdogo uliokuwa ng'ambo. Kwa hiyo mji ukaota kusini, Strathcona, na Edmonton ikabaki na mabehewa ya farasi na kivuko. Treni ilivuka mwaka 1902 kwa Daraja la Chini, reli ya Edmonton, Yukon & Pacific ikishuka hadi bondeni na kupanda tena. Daraja la Juu lilifunguliwa 1913, mwaka mmoja baada ya miji miwili kuungana. Hiyo ni hesabu ya fedha tu. Asitwambie mtu Edmonton ilionewa.

Mpima Njia
Kama ni hesabu ya fedha, basi hesabu hiyo iliandikwa na nani? Kifungu cha 15 cha mkataba wa CPR kilizuia kwa miaka 20 reli yoyote ya mshindani kujengwa kusini ya njia yake hadi karibu na mpaka. Manitoba ilipigana nacho hadi kikafutwa 1888. Ukimfunga mtu mikono usimsifu kwa kukaa kimya.

Mama Stesheni
Hebu mtu anieleze hiyo Big Hill. Walishukaje miaka 25 bila kufa wote?

Msoma Ramani
Kwa nidhamu, mama. Juu kabisa treni inasimama, breki zinakaguliwa behewa kwa behewa. Kila behewa linawekwa vali ya kushikilia. Vali hii inazuia hewa isitoke yote kwenye silinda ya breki wakati tangi linajazwa upya, kwa sababu hatari kubwa ya mteremko mrefu ni kukanyaga breki mara nyingi hadi hewa inaisha. Mwendo ni maili 8 kwa saa treni ya abiria, 6 ya mizigo. Njiani kuna swichi tatu za usalama, na siku zote zimefungwa kuelekea njia ya pembeni inayopanda mlimani. Mlinzi anaigeuza kuelekea njia kuu akiridhika tu kwamba dereva ameishika treni. Treni iliyokimbia inajipandia mlimani hadi inakufa nguvu.

Kinachoharibu ni joto. Kiatu cha breki kikiwaka, kinashika kidogo kuliko mwanzo. Tairi la chuma la gurudumu linapanuka, linalegea juu ya gurudumu lake. Mwaka 1909 mahandaki mawili ya mzunguko yalifunguliwa, moja mita 992, jingine mita 891, njia ikajizungusha ndani ya mlima, mteremko ukashuka hadi 2.2.

Mwana Laikipia
Nawasoma tangu mwanzo mkibishana milimita na mita, na hakuna aliyetaja ardhi ilikuwa ya nani. Mwaka 1883 CPR ilikata kwenye hifadhi ya Wasiksika, wenyeji wa asili wa kule, na ilibidi Padri Lacombe aende kuwatuliza. Chifu Crowfoot akapewa na kampuni pasi ya kusafiri bure maisha yake yote. Aliivaa shingoni. Pasi kwa ardhi.

Na Girouard mnamjua? Percy Girouard, mzaliwa wa Montreal, alianza uhandisi CPR miaka ya 1880, baadaye akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Uingereza, 1909 hadi 1912. Chini yake Wamaasai walianza kuhamishwa kutoka Laikipia. Hii reli ya mbali mnayoiongelea ilitufikia.

Bonde la Saskatchewan
Mkuu, tunajadili njia za reli. Habari za magavana zina uzi wake.

Mwana Laikipia
Njia ya reli inapita juu ya kitu. Kama hutaki kutaja kitu hicho usiite mjadala wako historia. Na Wachina wa sehemu ya mkandarasi Onderdonk, kule British Columbia, waliolipwa dola moja kwa siku, wanaingia uzi gani? Mwaka 1885 reli ilikamilika, na mwaka huohuo Canada ikaweka kodi ya dola 50 kwa kila Mchina anayeingia. Mwaka 1903 ikafika 500.

Mama Stesheni
Mwana Laikipia amesema kweli. Mimi hiyo pasi ya shingoni sikuijua.

Fundi Mataruma
Nami nakubali, na nasema hivyo bila kinyongo. Ila Mpima Njia hajajibu lililo mezani, kwa hiyo namalizia langu.

Kipande cha Dunmore hadi Lethbridge, baada ya kupanuliwa, CPR ilikinunua 1897. Mwaka huohuo ikasaini Mapatano ya Crowsnest na serikali: ruzuku ya takribani dola milioni 3.3, na CPR ikapunguza nauli ya nafaka senti 3 kwa kila ratili 100. Reli ya Crowsnest ilianzia Lethbridge kuelekea milima ya Kootenay. Ili kutoka reli kuu ufike Lethbridge, ulipita tuta la Galt. Mwaka 1909 magharibi ya mji lilijengwa daraja la chuma la mita 1,624, kimo mita 96, kuchukua nafasi ya njia ya zamani yenye madaraja mengi ya mbao. Nauli ya Crowsnest ilidumu hadi sheria ya 1983.

Mpima Njia
Dunmore nakupa. Nilisema kichezeo kwa sababu ya miaka 8 ya geji, sikutazama tuta lilikwenda wapi baadaye. Kuhusu Yellowhead bado sijashawishika, na kesho naleta tani za Grand Trunk Pacific.

Kijana wa Kidatu
Ukizileta, taja na uzito wa pau kwa yadi. Bila huo hatuwezi kujua injini gani ziliruhusiwa kupita.