MREJESHO: Hela ya kituo cha afya kilichofungwa

Wakuu habari za siku, mwezi wa tatu niliuliza hapa kuhusu kituo chetu cha afya huku mkoani Iringa, kimefungwa eti kinakarabatiwa, fundi haonekani na hela hatujui iko wapi. Asanteni sana mlionijibu.

Nilianza na ule ushauri wa kumbana mtendaji kwenye mkutano wa kijiji asome mapato na matumizi, maana ni haki yetu kila miezi mitatu. Akasoma ya kijiji tu, ya kituo akasema yako halmashauri. Ndo nikaandika barua kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, wana siku 30 za kujibu. Nilipeleka nakala mbili, moja wakanigongea muhuri wa kupokelewa nikabaki nayo, na huo muhuri ndo umeniokoa jamani, maana siku ya 31 nimerudi naambiwa barua haipo, nikaitoa kwenye bahasha palepale mezani wakanyamaza.

Nimepewa karatasi mbili. Mabati na saruji vimelipiwa, na tumevikuta kweli stoo. Fungu la dawa bado hawajalitolea maelezo, diwani kaahidi kuliuliza barazani na nitaenda kusikiliza mwenyewe. Ripoti ya CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, niliipitia, kituo chetu sikukiona.

Kituo bado kimefungwa. Wajawazito wanapanda bodaboda usiku na baridi hii ya Juni, inaniuma sana. Barua ya pili naipeleka Jumatatu, nakala mbili tena.