Tiketi za GLPI kwa API: kila nikiita zinakuja 50 tu, na za Newala hazimo

fundi_shangani
Wakuu habari za jioni. Niko Mtwara mjini, naangalia kompyuta na printa za ofisi yetu pamoja na matawi ya Masasi, Newala na Tandahimba, wote wanafungua tiketi (maombi ya kurekebishiwa kitu) kwenye GLPI, programu ya kusimamia maombi hayo, iliyoko kwenye seva yetu. Bosi anataka kila Jumatatu asubuhi ripoti ya tiketi ambazo bado, na msimu wa korosho ukishapamba moto kule maghalani simu haikatiki, sasa kukopi kwa mkono siwezi tena, jana nimekaa mpaka saa nne usiku nahesabu. Nimeandika skripti ya Python inayovuta tiketi kwa API (mlango wa programu kuongea na GLPI), initSession ya kuingia inakubali, tokeni (ufunguo wa muda) napata, naita search/Ticket kuzitafuta. Ila inaleta 50 tu na jibu ni 206 badala ya 200. Halafu Newala hakuna hata moja wakati wao ndio wanaongoza kulalamika. Na hii "12": 2 kwenye kila tiketi inayokuja ndo nini jamani? Nisaidieni, Jumatatu ndo hiyo.

binti_mikindani
Pole kaka. 206 sio kosa, inakwambia umepewa kipande tu. Usipotaja range (kuanzia tiketi ya ngapi mpaka ya ngapi) GLPI inakupa 0-49, ndo hizo 50 zako. Angalia heda ya Content-Range kwenye jibu, baada ya mkwaju (/) kuna jumla ya zote. Weka range=0-199, kisha 200-399, zunguka mpaka ufike kwenye ile jumla, ila mwanzo wa range usiipite jumla maana hapo itakutupia kosa la 400.

12 ni namba ya uga (sehemu ya taarifa) wa hali ya tiketi, na namba inayofuata ndo hali yenyewe. 1 mpya, 2 imepewa mtu, 3 imepangiwa muda, 4 inasubiri, 5 imetatuliwa, 6 imefungwa. Namba za uga zingine utazipata ukiita listSearchOptions/Ticket, usikariri. Kuchuja weka criteria[0][field]=12, searchtype=equals, value=notold. Hapa muulize bosi vizuri anataka zipi, maana notold inaziacha nje zilizotatuliwa, ila notclosed inazibeba mpaka zile ambazo fundi kamaliza na tiketi haijafungwa. Ukichanganya, watu wataonekana hawafanyi kazi na kazi wamefanya, na hilo linaumiza.

nachingwea_net
Kuhusu Newala nina uhakika matawi yenu yametengwa kwa entiti, yaani kila tawi lina fungu lake ndani ya GLPI. Sesheni (muda uliomo ndani baada ya kuingia) inaona entiti iliyo hai tu. Ukishapata tokeni ya sesheni piga POST changeActiveEntities, entities_id weka all na is_recursive true, ndo utafute. Na mdogo wangu, hiyo tokeni isiwe ya akaunti ya msimamizi mkuu, tengeneza mtumiaji wa ripoti mwenye ruhusa ya kuona tiketi zote basi, skripti ikivuja asije mtu akafuta kitu. Ukimaliza ita killSession kuifunga sesheni.

fundi_shangani
Asanteni sana, dada na kaka mkubwa. Ilikuwa entiti kweli, nimeweka all na Newala wote wamemwagika. Nimempigia bosi, anataka notold.

Nimezipanga kwa tarehe, ya juu kabisa ina siku tisa: printa ya stakabadhi Newala inakula karatasi, aliyeifungua kaandika "wakulima wamekaa kwenye benchi tangu asubuhi". Siku tisa na mimi sikuiona. Ripoti nitaituma usiku huu, kesho nabeba rola mpya napanda basi la alfajiri.