Chanika kwenye miembe au Sinza kwenye baa: mtu wa kazi Posta apone wapi?

BabaNurat: Wadau habari za jioni. Nilikuwa napanga Sinza, dirisha linatazamana na baa, mziki mpaka alfajiri. Mwaka jana nikahamia kwangu Chanika, plasta bado ila miembe ipo na usiku unasikia vyura tu. Kazi Posta, katikati ya Dar, natoka saa 10 na nusu alfajiri narudi saa 3 usiku. Sasa wife anasema nimekuwa mkali kuliko nilivyokuwa kwenye kelele. Hivi mtaa mtulivu unakurudishia kilicholiwa na foleni au tunajidanganya?

Mkongwe wa Sinza: Miembe unaionea wapi, unatoka giza unarudi giza 😂 Umehamia shamba mkuu, useme ukweli.

Msongola_1: Shamba?? Mtu chumba chako kinanuka choo cha jirani unatuita sisi wa shamba, huku hewa ya msitu wa Kazimzumbwi tunavuta bure na mtoto anacheza nje mpaka anaitwa kula.

Mama Wawili: Tuache shamba jamani. Mimi Kivule. Kinachonimaliza sio daladala, kwenye gari nasinzia zangu, ni kale kanjia ka kutoka kituoni mpaka nyumbani, taa hakuna, mvua ikinyesha ni tope na boda wanapandisha bei, mtu akikohoa nyuma yako moyo unaruka. Nikifika siongei na watoto mpaka nikae kwanza. Wangetuwekea taa tu, hata foleni ningeivumilia.

Mkongwe wa Sinza: Halafu Chanika ni Kisarawe, Pwani hiyo. Mnajichomeka tu Dar.

Konda Mstaafu: BabaNurat jioni unageuza na gari, yaani unalipanda likiwa bado linaenda mwisho wa ruti upate siti, au unasimama? Kusimama toka Kariakoo mpaka Chanika lazima upigane na mke. Geuza, lipa nauli mbili, ulale.

BabaNurat: Nageuza sana mkuu ila siku hizi kila mtu anageuza, gari linafika kituoni limejaa watu hawajaenda popote. Na flaiova ya Tazara tuliambiwa 2018 foleni imeisha, imehamia mbele tu.

Msongola_1: Naona mtu hajui hata ramani. Chanika ni Ilala toka enzi. Na Ilala ndo ilipandishwa 2021 kuwa Jiji la Dar es Salaam, wewe Sinza uko Manispaa ya Ubungo. Kwahiyo mtu wa Jiji hapa ni mimi.

Mkongwe wa Sinza: Jiji lenye mbuzi barabarani 😂😂 Sisi tuna mwendokasi hapo Shekilango, nyie hata treni inaishia Pugu.

Msongola_1: Mbuzi halii mpaka saa 9 usiku. NEMC, wale wa mazingira, walifungia mabaa kwa kelele, nenda kawaulize kama walikuja kwa mbuzi.

Konda Mstaafu: Kwani vigodoro, zile ngoma za usiku kucha, huko Chanika mmeacha lini? Jumamosi nilikuwa huko nimelala masikio nimeziba na mto.

Msongola_1: Hiyo ni harusi, usichanganye mambo mzee wangu.

BabaNurat: Wakuu kumbe mimi wa Jiji? Ngoja nimwambie wife labda atapoa.

Mama Wawili: Na Kivule ni Ilala hiyohiyo. Basi leo nimevua viatu kwenye tope la Jiji.